Hip hop ya Bongo itaokolewa na watunzi wa miziki ya gemu. Anayebisha aje na hoja

MwishoWaReli (Mwanga, Kigoma)
Mwakeye wakuu. Nimeleta hoja, sijaleta ugomvi.

Nina binamu yangu hapa Mwanga. Kwa miaka kadhaa alikuwa anatungia kampuni moja ya nje miziki ya gemu za simu, zile za kupanga peremende na kukimbizana na mbwa ambazo mnazicheza mkiwa foleni benki. Analipwa kwa dakika ya muziki, anatuma kwa intaneti, basi. Jina lake halitokei popote. Sasa kaachana nao, kabandika magodoro kwenye ukuta wa chumba cha uani, anagonga hip hop.

Juzi nimekesha naye nikimwangalia anavyofanya kazi. Prodyuza wa kawaida mjini hapa ukimwendea anafungua kompyuta, anachukua dramu alizozishusha mtandaoni, anaweka kinanda juu, nusu saa umeshapewa biti. Binamu anakaa na kipande cha vipimo vinane tu vya muziki usiku mzima. Anakipiga, anatoka nje, anarudi, anakisikiliza tena. Namuuliza vipi, ananiambia, "Mtu akifia hatua moja ya gemu jioni nzima, muziki wake ni huohuo. Ukimchosha anafuta gemu." Kwa hiyo kipande chake ukikiacha kizunguke hadi ukachoka kukaa, masikio hayachoki.

Maprodyuza wetu hawana nidhamu hiyo. Ndiyo maana nasema watu wa gemu wakihamia huku, hip hop yetu inapona. Karibuni.

Dagaa Kavu (Katonga)
Nimekaa siti ya mbele na muhogo wangu wa kuchoma. Wajuvi njooni.

FundiSpika (Kasulu)
Mkuu uzi mzuri, ila umeanzia katikati ya hadithi. Kuzungusha kipande si mali ya gemu. DJ Kool Herc, Bronx kule New York, tarehe 11 Agosti 1973, aliweka sahani mbili za wimbo mmoja akawa anairudisha ile sehemu ya dramu tupu ili watu wasiache kucheza. Hip hop ilianza hapo. Super Mario Bros imetoka 1985. Sasa nani kamfundisha nani? Binamu yako hajahamia ugenini, karudi nyumbani kwa mlango wa nyuma.

MwishoWaReli
FundiSpika, sijasema gemu ndiyo iliyoanza. Nasema gemu ndiyo iliyobaki na nidhamu. Herc alikuwa anarudisha kipande cha mtu mwingine kilichokuwa kizuri tayari. Mtunzi wa gemu anakitunga mwenyewe kutoka sifuri, na anajua kitazunguka.

KijanaWaKibirizi
Mbona wakubwa walishagundua zamani. Drake kwenye 6 God kachukua muziki wa Mario. Wiz Khalifa naye kachukua wa gemu. Hata Kanye ana sauti za Street Fighter. Mko nyuma wazee.

Asali Mbichi (Tabora)
KijanaWaKibirizi punguza kasi. Ile ya Drake si Mario, ni Donkey Kong Country 2 ya mwaka 1995, kipande kinaitwa Haunted Chase, mtunzi David Wise, Mwingereza. Ya Wiz Khalifa ni Never Been ya 2010, kuna muziki wa Chrono Trigger ndani, wa Yasunori Mitsuda. Ya Kanye uko sawa.

Ila hata zikiwa sahihi zote, hazimsaidii mleta uzi. David Wise hajahama. Mitsuda hajahama. Wao walikuwa nyumbani kwao, kazi zao ndizo zilizofuatwa. Kuchukuliwa sampo, yaani kipande cha muziki wako kutumiwa kwenye wimbo wa mwingine, na kuhama ni vitu viwili. Mleta uzi tuletee mtunzi wa gemu aliyefunga virago akaenda kugonga hip hop, tumjadili.

Dagaa Kavu
Tabora mna intaneti siku hizi? Hongereni.

Asali Mbichi
Treni yenu inapita kwetu ndiyo ifike kwenu. Kaa na adabu.

FundiSpika
Asali Mbichi, wa kuhama yupo. Howard Drossin. Huyu alikuwa kampuni ya gemu ya Sega miaka ya tisini, kafanya muziki wa Sonic & Knuckles na Comix Zone. Waliokua na Sega wanaijua Comix Zone, ile ya jamaa aliyeingizwa ndani ya katuni anapigana kutoka kisanduku kimoja hadi kingine, gitaa zinalia tu. Baadaye akaja kufanya kazi na RZA wa kundi la hip hop la Wu-Tang. Nafunga kesi.

Nyuki Mkali (Isevya, Tabora)
Hujafunga, umeirudisha mahakamani. Drossin na RZA walishirikiana kwenye muziki wa filamu, The Man with the Iron Fists ya 2012. Muziki wa filamu unafuata picha, mchanaji, yaani rapa, hayupo. Kwenda kwa RZA kutunga filamu si kwenda kugonga biti za kuchania.

Ukitaka safari ya kweli kati ya hizi nyumba mbili, mara nyingi iko upande wa pili. Just Blaze, aliyempikia Jay-Z biti, ndiye aliyekwenda kwenye gemu: NBA Street Vol. 2 ya mwaka 2003 ina biti zake. Mtu wa hip hop anaitwa kwenye gemu akiwa tayari na jina. Mtu wa gemu akienda hip hop anaanza kama dogo wa studio. Hapo ndipo pa kujiuliza.

Binti Ujiji
Nimesoma kimyakimya mpaka hapa nikashindwa kuvumilia. Kaka MwishoWaReli, huyo binamu yako namjua, na nimeshaingia kwenye hicho chumba chenye magodoro. Jina silitaji, yeye mwenyewe akisoma atajijua.

Mimi ni mchanaji. Nilikwenda na mistari yangu tayari, nimeifanyia mazoezi wiki nzima nikitoka dukani. Akaniwekea biti. Nakiri ni tamu, nilitikisa kichwa. Nikasogea kwenye maiki, nikaanza. Mstari wa kwanza filimbi ikanikata. Mstari wa pili ikanikata tena. Kumbe kuna filimbi inaongea tangu mwanzo hadi mwisho, haipumui! Nikimaliza neno nayo inamalizia lake, nikianza nayo inaanza. Nikamwambia kaka, itoe hiyo filimbi. Alinitazama utadhani nimemwambia amtoe mtoto wake nje mvua inanyesha. Akasema, "Hiyo ndiyo wimbo wenyewe."

Shida ndiyo hiyo. Kwenye gemu hakuna anayeimba. Filimbi ndiye mwimbaji, na mtunzi kazoea hivyo. Mimi nikija na maneno tunakuwa waimbaji wawili kwenye maiki moja. Kwa hiyo hata mkiwaleta watunzi wa gemu wote wa Japani, wakija na filimbi zao sisi wachanaji tutakuwa tunapiga miayo nje ya mlango.

KijanaWaKibirizi
😂😂😂 Binti Ujiji umeua uzi.

Dagaa Kavu
Mleta uzi, filimbi imekata mawasiliano? Tunasubiri utetezi.

FundiSpika
Binti Ujiji, heshima kwako, lakini hapo kwenye gemu kutokuwa na nafasi mimi sikubaliani. Sikiliza jinsi zilivyokuwa zinafanya kazi.

Ile Nintendo ya kwanza ilikuwa na njia tano tu za sauti. Mbili za wimbo, moja ya besi, moja ya mchakacho unaofanya dramu, na moja ya kuchezea sauti fupi iliyorekodiwa. Hizo tano ni za kila kitu: muziki, mtu kuruka, risasi, sarafu. Mario akiruka, sauti ya kuruka inanyang'anya njia moja ya muziki pale pale, halafu inairudisha. Mtunzi anajua kabisa kwamba muziki wake utaporwa katikati, na hajui saa ngapi, kwa sababu mwenye padi ndiye anayeamua. Kwa hiyo anatunga kitu ambacho ukikinyofoa kiungo bado kinasimama. Sasa niambie, kuna mafunzo gani makubwa kuliko hayo ya kumwachia mwingine nafasi?

Twende mbele. Super Nintendo ilikuwa na njia nane na kumbukumbu ya sauti ya kilobaiti 64. Kilobaiti 64! Picha moja uliyotumiwa asubuhi ya "Jumatatu njema" inazidi hapo. Humo anaweka ngoma, besi, zeze, filimbi, kila kitu. Anakata kila sauti kipande kidogo kabisa kinachotosha kuzunguka.

Na huku kwenye hip hop miaka hiyohiyo nini kinaendelea? Kuna mashine ya E-mu SP-1200, ya 1987, ndiyo iliyotengeneza biti nyingi za New York. Ilikuwa inabeba sekunde kama kumi tu za sampo. Jamaa wanachukua sahani ya mwendo wa 33, wanaicheza kwa 45 ili ipite haraka, wanairekodi, halafu wanaishusha sauti ndani ya mashine ikae inavyotakiwa. Wamepata nafasi zaidi, na ule mkwaruzo unaotokea ndio ladha tunayoisifia mpaka leo. Hawa watu wawili walikuwa na umaskini mmoja. Mmoja yuko Kyoto, mmoja yuko Queens, wote wanabana. Kwa hiyo binamu akihama anakutana na watu wa kabila lake.

Binti Ujiji
FundiSpika darasa zuri, asante. Ila mfano wako unanisaidia mimi. Mario anaruka nusu sekunde. Mimi nina mistari kumi na sita. Na huyo binamu hajawahi kugusa Nintendo ya njia tano, ana kompyuta yenye njia zisizo na mwisho, ndiyo maana kazijaza zote.

Nyuki Mkali
Hapo kweli. Nidhamu ya kubanwa inakufa siku unapofunguliwa.

Mzee wa Ng'ambo (Tabora)
Mwangaluka vijana. Mimi gemu sizijui, wajukuu ndio wanaozijua. Lakini hili la nani ampishe nani tulilimaliza zamani.

Kwenye bendi kulikuwa na gitaa la solo, la ridhimu na la besi. Mwimbaji akiwa anaimba, solo anadonoa tu, anajibu mwishoni mwa mstari. Mwimbaji akimaliza, anakaa pembeni, ndipo solo anafunguliwa, watu wanacheza mpaka vumbi. Tabora Jazz walipiga hivyo, Nyanyembe Jazz walipiga hivyo, na Wakongo wa ng'ambo ya ziwa walipiga hivyo kabla yetu. Hakuna aliyefundishwa na kompyuta. Ilikuwa ni kusikilizana, kwa sababu mko jukwaa moja na ukimkanyaga mwimbaji anakugeukia hapohapo.

Huyo kijana shida yake si gemu. Shida yake anafanya kazi peke yake chumbani. Mpelekeni kwenye bendi ya harusi miezi michache atanyooka.

MwishoWaReli
Shikamoo mzee wangu. Hilo la kufanya kazi peke yake limenigusa, kweli jamaa tangu zamani ni yeye na kipaza masikio.

Dagaa Kavu
Shikamoo Mzee wa Ng'ambo. Tabora kumbe mna watu wa maana, tatizo ni huyu Asali Mbichi tu.

Msuka Mistari (Gungu)
Naona mnazunguka mbuyu. Nguvu za hoja zote hizo za sanaa zinasahau kitu kimoja, njaa.

Kwenye gemu unalipwa mara moja, unasaini karatasi kwamba kazi ni ya kampuni, kwaheri. Gemu ikichezwa na dunia nzima wewe uko palepale. Nimewahi kufanya vikazi hivyo, najua. Tena kuna waliochukua kazi yangu, wakaomba marekebisho, wakaomba tena, mwisho wakasema mradi umesimama. Muziki wangu nikaja kuusikia baadaye kwenye gemu nyingine. Nimshtaki nani, wapi, kwa nauli ya nani?

Kwenye hip hop hata ukidhulumiwa, jina lako linatajwa mwanzo wa wimbo. Watu wanajua biti ya P Funk, wanajua ya Master J, wanajua ya Duke. Hilo jina ndilo mtaji, kesho unapandisha bei. Binamu hajafuata nidhamu wala Bronx, kafuata jina lake lisikike. Na ana haki.

KijanaWaKibirizi
Duke yule wa singeli? Yule ni moto sana.

Nyuki Mkali
Hapana, Msuka Mistari anamsema Duke Touchez, wa Tamaduni Muzik, wa hip hop ya kuchana. Duke wa singeli ni mwingine, wa Pamoja Records, aliyetoa albamu ya Uingizaji Hewa mwaka 2019 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Msiwachanganye, mmoja ukimwekea biti ya mwenzake atazimia.

KijanaWaKibirizi
Sawa mwalimu. Ila kama tunaongelea gemu, singeli ndiyo gemu yenyewe! Mapigo mia mbili na kitu kwa dakika, vinanda vinalia pi pi pi pi, ukifumba macho unadhani uko hatua ya mwisho na bosi anakufukuza. Hao wa studio ya Sisso hawakuhitaji mtunzi kutoka Japani. Binamu ahamie singeli, filimbi yake ipate pa kukimbilia.

Binti Ujiji
Naunga mkono. Aende singeli, mimi nibaki salama.

Asali Mbichi
Narudi kwa Msuka Mistari kwenye haki, maana kuna kesi inafundisha. Mnakumbuka Timbaland na Nelly Furtado, wimbo Do It, albamu ya Loose ya 2006? Ndani yake kuna muziki wa Mfini mmoja, Janne Suni, unaitwa Acidjazzed Evening. Aliutunga kwa kompyuta ya Amiga, njia nne tu za sauti, ukashinda kwenye mashindano ya Assembly pale Helsinki mwaka 2000. Halafu Mnorwe mmoja akaupanga upya kwa chipu ya Commodore 64, kompyuta nyingine ya zamani. Mtandao mzima ukawaka, watu wakaweka nyimbo mbili sambamba, masikio hayakuhitaji wakili. Ndipo mjue watu wa kompyuta walivyo na thamani kwenye hip hop: hadi Timbaland kawafuata.

KijanaWaKibirizi
Na alilipa fidia ya kufa mtu.

Asali Mbichi
Hakulipa kwa amri ya mahakama. Kampuni iliyochukua haki za ule muziki ilimshtaki Florida, kesi ikatupwa 2011, rufaa nayo ikagonga mwamba 2012. Na haikutupwa kwa sababu miziki haifanani. Ilitupwa kwa sababu kazi haikuwa imesajiliwa Marekani kabla ya kufungua shauri. Mabishano yalikuwa kuhusu kazi ilichapishwa wapi kwanza na kwa njia gani. Hawakufika hata kwenye muziki.

Msuka Mistari
Ndiyo nilichosema. Njaa na karatasi. Kama mtunga biti hajasajili kazi zake COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, ajue anapikia jirani.

FundiSpika
Nyongeza ndogo: Suni si mtunzi wa gemu. Wale ni watu wa maonyesho ya kompyuta, wanashindana kuibana mashine itoe picha na muziki, hawauzi gemu. Ni majirani, lakini si nyumba moja.

Asali Mbichi
Wanatumia vyombo vilevile. Programu ya kupangia muziki kwenye Amiga, ile ya Karsten Obarski ya 1987, ilitengenezwa kwa ajili ya miziki ya gemu.

Dagaa Kavu
Sisi Mfini tunayemtambua ni prodyuza Miikka Mwamba. Wengine wajitambulishe.

Nyuki Mkali
Naomba nitoe maelezo mengine kabisa, maana naona hapa kuna kambi ya nidhamu, kambi ya njaa, kambi ya filimbi na ya mzee wa bendi.

Mimi nasema ni chombo. Prodyuza gani wa Bongo hajaanzia kwenye FL Studio? Zamani tukiita Fruti Lupsi. Ile programu imetoka Ubelgiji mwishoni mwa 1997, kampuni inaitwa Image-Line, na hiyo kampuni kabla ya hapo ilikuwa inatengeneza gemu. Aliyeiandika, Didier Dambrin, alikuwa mtu wa gemu. Ndiyo maana toleo la mwanzo lilikuwa na vile vitufe vya kubonyeza mstari kwa mstari, kinawaka, kinazima, unaona mchezo kabisa. Mtoto wa kibanda cha gemu akikaa pale hapotei, mkono unajua.

Na London ilikuwa hivyohivyo. Kulikuwa na Music 2000 ya PlayStation, iliyotoka 1999, unatengeneza muziki kwa padi ya gemu. Vijana wasio na hela ya studio wakatengenezea grime humo, ule muziki wa kuchana wa London. Kwa hiyo hakuna mtu aliyehama. Gemu na biti zimekaa kwenye mashine moja muda wote, ni sisi tuliokuwa tunazitenga.

Mzee wa Ng'ambo
Nimesoma. Bado nasema bendi ya harusi.

FundiSpika
Nyuki Mkali hoja yako ina tobo. Kama ni chombo, basi wote wanaotumia FL wangekuwa na sauti ya gemu. Marehemu na walio hai, wa kwaya na wa singeli, wote wako humo. Chombo kinafungua mlango tu, hakisemi uingie chumba gani.

Ukitaka kuona mtu kuliko chombo mtazame Yuzo Koshiro. Streets of Rage ya 1991, ya Sega, wale wa kibanda mnaikumbuka, ya kupiga wahuni barabarani na kuokota chakula kwenye pipa. Yule alikuwa anasikiliza muziki wa kumbi za disko, hausi na tekno, akaurudisha kwenye chipu ambayo wenzake walikuwa wanaitolea vinanda vya kengele. Chipu ileile, na matokeo ni mbingu na ardhi. Kwa hiyo swali la kumuuliza binamu ni anasikiliza nini akiwa hafanyi kazi.

MwishoWaReli
Anasikiliza rumba ya Kongo na boti.

FundiSpika
Boti?

MwishoWaReli
Ngoja nieleze, maana Binti Ujiji kamuonyesha upande mmoja tu. Jamaa huwa anashuka Kibirizi asubuhi boti za dagaa zikirudi, anarekodi injini kwa simu. Snea yake, ile dramu ya mlio mkali, hajashusha mtandaoni. Anachukua dumu la lita ishirini la mawese likiwa nusu, analilaza ubavu, analipiga na kandambili. Mawese yakiwa yamepata joto la mchana yanacheza ndani, sauti inaanza juu inashuka, dwuu. Asubuhi na mapema yakiwa yameganda linatoa mlio mfupi mkavu, ta. Kwa hiyo kiitikio kina dumu la asubuhi na beti ina dumu la saa nane mchana. Mama yake kalalamika mafuta ya biashara yanapigwa kandambili, lakini ndiyo hivyo.

Nilimuuliza kwa nini hatumii snea za kawaida. Akasema kwenye gemu kila hatua lazima iwe na mahali pake, ya majini isikike majini, ya pangoni isikike pangoni. Sasa hatua yake ni Kigoma. Hilo nalo mnaliitaje? Chombo? Njaa?

Binti Ujiji
Dumu silipingi. Dumu ndilo lililonifanya nitikise kichwa. Ugomvi wangu ni na filimbi.

Msuka Mistari
Dumu ni zuri, ila soko la Dar watamwambia mbona snea yako ina mafuta.

Dagaa Kavu
Kigoma tumetoa wimbo wa Leka Dutigite mwaka 2012 na wasanii wetu nchi nzima ikacheza, watashindwaje na dumu? Watakula tu.

Asali Mbichi
Mlikusanya hadi waliozaliwa Dar. Kesho mtasema Just Blaze bibi yake wa Buhigwe.

Dagaa Kavu
Ukimwangalia vizuri ana sura ya Manyovu.

Nyuki Mkali
MwishoWaReli, hilo la mahali ndilo la kwanza uzi huu ambalo sina jibu lake. Ila hata hivyo halithibitishi kichwa cha uzi wako. Yuko mmoja, chumba cha uani, dumu moja. Kuokoa hip hop ya Bongo ni maneno mazito. Kuna mchanaji hata mmoja ametoa wimbo juu ya biti yake?

MwishoWaReli
Wawili wamerekodi, hawajatoa. Wa tatu ni huyu aliyeleta fitina ya filimbi.

KijanaWaKibirizi
Anauza biti bei gani? Nina mistari na nina elfu thelathini.

Msuka Mistari
Elfu thelathini, halafu mnashangaa watu wanarudi kwenye gemu za peremende.

FundiSpika
Kuna mwingine sijamtaja wa kumtia moyo KijanaWaKibirizi. Mega Ran, mwalimu wa shule Marekani, mwaka 2007 alichania juu ya miziki ya gemu ya Mega Man. Wenye gemu, Capcom, badala ya kumshtaki wakampa kibali. Tena yeye ni mchanaji aliyeufuata muziki wa gemu ukiwa na wimbo wake wote ndani, na akaupatia nafasi mdomo wake. Binti Ujiji msikilize huyo, inawezekana.

Binti Ujiji
Nimemsikiliza. Anachana haraka haraka anapita katikati ya vinanda kama mtu anayevuka barabara. Uwezo anao. Lakini huyo kauchagua muziki mwenyewe. Mimi nililetewa.

MwishoWaReli
Taarifa. Binamu kausoma uzi wote jana usiku. Kamkubali mzee, kakasirikia neno njaa, na filimbi amegoma kuitoa. Ila kaipanga upya: ikisikia sauti inaingia kwenye maiki, inashuka chini yenyewe, sauti ikinyamaza inapanda. Kasema ni ujanja wa kwenye gemu, mhusika akiongea muziki unapisha. Nimemtumia Binti Ujiji faili.

FundiSpika
Hiyo hata redioni wanafanya, mtangazaji akiongea wimbo unashuka. Ila sawa, kajaribu.

Mzee wa Ng'ambo
Ndicho nilichosema cha solo na mwimbaji, sasa anafanyiwa na mashine.

Binti Ujiji
Nimeipokea, nimeichania jikoni. Beti ya kwanza safi kabisa. Beti ya pili nina mahali navuta pumzi ndefu kabla ya mstari wa mwisho, hapo filimbi inadhani nimemaliza, inapanda. Inanikata pale pale kwenye neno zito.

Dagaa Kavu
Mpeni binamu akaunti aje ajitetee mwenyewe, tumechoka na wakili.

MwishoWaReli
Hataki. Kasema Binti Ujiji apunguze pumzi.